Umeuliza sanduku, hukuuliza tundu

Parafujo iliingia mizunguko mitatu, ikakataa. Nikairudisha nyuma kidogo, nikaitilia tone la mafuta, nikaikaza tena. Ikasogea robo mzunguko, ikagoma kabisa. Mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nilifungua sanduku la tapu, vile vyuma vya kuchonga hesi (mistari ya mzunguko inayoishika parafujo) ndani ya tundu, nikatoa ile iliyoandikwa saizi ya 2BA, nikaifunga kwenye mpini wake na kuipitisha tunduni, huku nikijiambia nasafisha kutu tu. Ilipita ikilia kama panya aliyebanwa na mlango. Upande wa pili wa bamba zikadondoka chenga nyembamba za chuma, zinang'aa kama fedha.

Kutu haing'ai. Nilikuwa nimekata chuma kizima.

Bamba lenyewe lilikuwa la mtambo wa bunduki ya fataki, ile inayowashwa na kikofia cha kilipuzi kinachopigwa na nyundo, kazi ya Kiingereza ya miaka ya 1840, mali ya mteja aliyeirithi kwa babu wa mkewe. Hesi zile zilikatwa Seyyid Said bado anatawala Zanzibar. Zimekaa miaka yote hiyo, zimepita vumbi, unyevu na mikono ya watoto, zikanisubiri mimi nije nizile kwa dakika mbili.

Mzee ninayefanya naye kazi ya kutengeneza bunduki za zamani hapa Birmingham ni Mwingereza wa miaka sabini na kitu. Nilianza kumwita Mzee kwa mazoea ya kwetu, naye akalipenda jina. Hakupiga kelele. Alichukua lenzi yake, akalitazama tundu, akaniuliza, "Tapu hii uliichaguaje?" Nikamwambia nilizijaribu zote sandukuni, na hii ndiyo iliyokaribia. Akasema, "Umeuliza sanduku. Hukuuliza tundu." Akaenda kuchemsha maji ya chai.

Kilichoniuma ni kwamba mimi si mgeni wa mambo haya. Nimekulia Mombasa, kwenye kibanda cha mjomba wangu aliyekuwa fundi cherehani karibu na mtaa wa Biashara. Mtu yeyote aliyewahi kufungua cherehani ya Singer anajua kwamba kampuni ile ilikuwa na hesi zake yenyewe. Unaweza kwenda duka la vyuma na parafujo yako mkononi, ukapewa inayofanana nayo kama pacha, ukarudi nayo na isiingie. Mjomba alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa parafujo za Singer tupu, na ole wako uchanganye humo kitu kingine. Jirani yetu fundi baiskeli naye alikuwa na wimbo wake: vile vikombe vya beringi vinavyokaa kwenye ekseli ya pedeli, vya Raleigh vina hesi 26 kwa inchi, na vya baiskeli nyingine nyingi za Kiingereza vina 24. Kipenyo ni kimoja. Ukilazimisha, fremu imekufa. Nimeyasikia hayo tangu naenda madrasa. Halafu nikafika Birmingham, nikapewa sanduku zuri la mbao lenye tapu zilizopangwa kwa namba, nikaamini kwamba kila tundu duniani limo mle ndani.

Kwa asiyejua, mtambo wa bunduki hizi za zamani ni kitu kidogo kinachokaa kiganjani. Kuna bamba la chuma, na nje yake kuna nyundo, au kama ni bunduki ya gumegume, kile chuma chenye taya mbili zinazoling'ata jiwe. Ndani ya bamba kuna springi kuu yenye umbo la V, kuna kipande cha duara chenye kata mbili kinachozunguka pamoja na nyundo (karakanani tunakiita tambla), na kuna kikwamizo kinachoingia kwenye kata hizo na kuishika nyundo mpaka kidole kivute. Juu ya vyote hivyo kuna kidaraja cha chuma kinachovishikilia visiyumbe. Waingereza wanakiita hatamu, kama ya farasi. Vyote vimefungwa kwa parafujo nne au tano ndogo, ambazo nyingi zinashika kwenye bamba lenyewe. Bamba lina unene wa milimita nne au tano. Maana yake kila parafujo inaning'inia kwa hesi tano, sita ukibahatika. Ukizila mbili, imebaki nusu ya kazi.

Sasa hesi zenyewe. Shida ya bunduki kuukuu si kwamba hesi zake ni za ajabu. Ni kwamba zilikatwa kabla watu hawajakubaliana. Fundi wa Birmingham wa mwaka 1800 alikuwa na bamba lake la feleji lenye matundu yenye hesi, makubwa mpaka madogo, na alizungusha kijiti cha chuma humo mpaka kikatoka parafujo. Mabamba yale yalikuwa yanaziminya hesi zaidi ya kuzikata. Na mitambo mingi haikutengenezwa hata mjini Birmingham, ilitoka vijiji na miji ya jirani kama Darlaston na Wednesbury, ambako nyumba nyingi zilikuwa na karakana uani na kila karakana ilikuwa na bamba lake, pengine lililorithiwa kwa baba. Namba tano ya nyumba hii haikuwa namba tano ya nyumba ile. Haikuwa na haja ya kuwa. Parafujo ilitengenezwa kwa ajili ya tundu lake, ikakaa humo, basi. Ndiyo maana katika mitambo mizuri utakuta kila parafujo imepigwa alama ndogo kuonyesha kwake ni wapi.

Joseph Whitworth ndiye aliyesimama mwaka 1841 mbele ya wahandisi wenzake wa Uingereza na kupendekeza kipimo kimoja: pembe ya hesi iwe digrii 55, na kila kipenyo kiwe na idadi yake ya hesi kwa inchi. Robo inchi hesi 20, na kadhalika. Lakini hesi zake ni nene, zinafaa boli za mashine za mvuke kuliko viparafujo vya mtambo. Hizi BA zilizonidanganya, yaani za British Association, zilipendekezwa mwaka 1884 kwa ajili ya vyombo vidogo, na pembe yake ni digrii 47 na nusu. Wamarekani tangu William Sellers mwaka 1864 walishika digrii 60, na hizi milimita za siku hizi ni 60 pia. Kwa hiyo hata pale idadi ya hesi inapolingana, bonde lake linaweza lisilingane. Katikati ya yote hayo kuna kiwanda cha serikali cha Enfield, ambacho kuanzia miaka ya 1850 kilileta mashine kutoka Marekani ili parafujo ya bunduki moja iingie kwenye nyingine. Bunduki ya Enfield ni raha kuitengeneza. Hizo nyingine kila moja ina kabila lake.

Basi jioni ile Mzee alirudi na vikombe viwili, akanifundisha kuuliza tundu.

Tundu lenyewe halipimiki vizuri. Anayepimika ni mwenzake. Kwenye mtambo ule parafujo moja ilikuwa imepotea, lakini tatu zilikuwepo, na mara nyingi fundi alitumia hesi moja kwa parafujo zote za ndani. Tukachukua iliyo nzima zaidi, tukaisafisha kwa brashi ya shaba, tukaiweka kwenye maikromita. Kipenyo milimita 4.6. Nikasema, "Si unaona? 2BA ni 4.7, imechakaa tu." Mzee hakunijibu. Akaipanga parafujo ubavu kwa ubavu na tapu yangu ya 2BA, meno ya hii ndani ya mabonde ya ile, akavielekeza dirishani. Hesi ya kwanza ilikaa. Ya pili ilikaa. Ya tatu mwanga ulianza kupenya, na ya tano ilikuwa imepanda juu ya jino la mwenzake kama mtu aliyekosea kiti. Siku hizi sichukui geji ya kupimia hesi kabla ya kufanya jaribio hilo. Halihitaji hesabu, linahitaji dirisha.

Kisha hesabu. Hesi tano za ile parafujo zilichukua milimita 4.2 na ushee, yaani kila hatua, umbali wa hesi moja hadi ya pili, kama 0.85. Gawanya 25.4 kwa hiyo, unapata hesi 30 kwa inchi. Hatua ya 2BA ni 0.81. Tofauti ya sehemu nne za mia za milimita huwezi kuiona kwa macho, lakini ikijirudia mara tatu ni zaidi ya sehemu kumi za mia, na hapo ndipo parafujo yangu ilipokwama. Mizunguko mitatu. Tundu lilikuwa limeniambia ukweli tangu mwanzo, nami nikalijibu kwa tapu.

Hesi 30 kwenye kipenyo kile hazikuwemo katika sanduku letu. Hazikuwemo kwenye orodha za BA, wala Whitworth, wala BSF (hesi nyembamba za kipimo cha Kiingereza), ambayo kwa kipenyo cha tatu za kumi na sita za inchi ina hesi 32 kwa inchi. Nilipoteza wiki mbili nikitafuta. Nilizunguka masoko ya vitu kuukuu Jumapili asubuhi, yale ambayo wazee wanauza vyombo vya karakana za marehemu wenzao kwenye mabuti ya magari. Nilinunua kilo mbili za tapu zilizochanganyika kwenye kopo la biskuti. Ni ulevi, nakiri. Nilijifunza kitu kimoja cha maana huko: watu wanaotengeneza treni ndogo za mvuke za kuchezea ndio wanaoweka hesi nyembamba ambazo maduka hayana, 32 na 40 kwa inchi, digrii 55, kwa vipenyo vya kila namna. Mwenye kutengeneza mitambo ya zamani Uingereza aanzie kwao. Lakini 30 hawakuwa nayo hata wao.

Kwenye kopo lile la biskuti ndimo nilimopata msiba wa pili. Kulikuwa na tapu kuukuu ya chuma cha kaboni iliyokaribia sana. Nikaijaribu kwenye bamba bovu la mazoezi, na nashukuru halikuwa la mteja. Ikavunjika, ikabaki ndani ya tundu. Sikujua kwamba mabamba haya yalipikwa ndani ya mkaa wa mifupa na ngozi mpaka chuma laini kikaota ganda gumu, na ganda hilo linaingia hata kwenye kingo za matundu. Nikakumbuka mafundi saa wa Mombasa wanavyotoa parafujo iliyokatikia ndani ya saa: wanachemsha shabu kwenye maji, wanaitumbukiza, na shabu inakila chuma taratibu na kuiacha shaba salama. Nikamweleza Mzee kwa fahari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na bamba letu ni la shaba?" Bamba ni chuma. Shabu ingeyala yote mawili bila ubaguzi. Tapu ile iko ndani ya bamba lile mpaka leo, naliwekea karatasi zisipeperuke.

Hivyo ikabaki njia ambayo Mzee alikuwa anaijua tangu siku ya kwanza na ameniacha niifikie mwenyewe. Tapu isiyouzwa inatengenezwa.

Mashine yetu ya kukereza ni ya Kiingereza, ya zamani, na parafujo yake ndefu inayoburuta kisu ina hesi 8 kwa inchi. Ukitaka 30, unatafuta magurudumu yenye uwiano wa 8 kwa 30. Gurudumu la meno 20 likiendesha la meno 75 ni uwiano huohuo hasa, na katikati unaweka lolote la kupokezana. Nilipoona hesabu imekaa sawa bila baki nilicheka peke yangu. Tulichukua kijiti cha feleji ile inayouzwa Uingereza kwa jina la chuma cha fedha, ingawa fedha haimo. Tukakereza kipenyo, nikakata hesi kwa kisu kilichonolewa digrii 55, kidogo kidogo, nikiipima na parafujo ya asili pale dirishani kila baada ya mipito miwili. Mbele nikaichongoa iingie kwa adabu. Kisha kwa tupa ya pembe tatu nikachimba mifereji mitatu ya urefu, ili chenga zipate pa kukimbilia na hesi zipate makali.

Kuikomaza ndiko kulikonitoa jasho. Feleji hii inataka moto wa digrii kama 780 kisha maji. Hatuna tanuri la kupima, tuna tochi ya gesi, kiza na sumaku. Chuma kikifika karibu na joto hilo sumaku inakikana, haikivuti tena. Unaongeza kidogo, rangi inakuwa nyekundu ya tunda lililoiva, unakizamisha wima. Ukikizamisha kwa ulalo kinapinda. Ya kwanza ilipinda. Ya pili ilinyooka, nikaing'arisha, nikaipasha tena polepole mpaka ikageuka rangi ya majani makavu ya mpunga, nikaizima. Bila hatua hiyo ya mwisho tapu ni kama kioo: kali, na inavunjika ukiipigia chafya.

Bamba la mteja lilihitaji zaidi ya tapu. Tundu nililoliharibu lilikuwa na hesi mbili zilizokatizana, na hakuna tapu inayorudisha chuma kilichokwishatoka. Nilimpigia simu mwenyewe, nikamweleza kilichotokea kwa mkono wa nani. Alinyamaza, nikasikia redio nyuma yake. Akasema, "Endeleeni." Hatukumtoza kitu. Tulilitanua tundu, tukalikata hesi 40 kwa inchi kwenye kipenyo cha robo inchi, tukalijaza kizibo cha chuma laini chenye hesi hizohizo, tukakigonga pande zote mbili na kukipiga tupa mpaka kikazama usawa wa bamba. Halafu tukatoboa upya katikati yake na kupitisha tapu yetu ya hesi 30. Ukilitazama bamba kwa ndani utakiona kizibo, duara hafifu. Nje hakionekani. Mimi nakiona hata nikifumba macho.

Tangu hapo utaratibu wangu umebadilika, na sehemu kubwa ni kuchelewa. Kabla ya yote, kama bunduki ni nzima, nachukua kijiti na kupima kasiba, yaani mtutu: kwanza kwa nje mpaka usawa wa tundu la moto, kisha kwa ndani. Kijiti kikiishia mapema, kuna kitu humo, na mara mbili kimekuwa baruti na risasi iliyosahauliwa tangu enzi hizo. Hapo tunasimamisha kazi na kumwita mwenye ujuzi wa kuiondoa. Springi kuu naitoa kwa kibanio chake, sio kwa bisibisi na dua. Bisibisi zenyewe nazichonga zitoshee mfereji wa kila parafujo, kwa sababu mifereji ya zamani ni myembamba sana, na kichwa kilichochubuka kinaonekana kabla ya kitu kingine chochote. Parafujo iliyoshika kutu inapewa mafuta na siku, wakati mwingine wiki. Na tapu haiguswi mpaka parafujo zote zimepimwa na kuandikwa kwenye daftari.

Daftari hilo sasa lina kurasa nyingi, na kinachonishangaza ni jinsi "karibu" ilivyo nyingi. 4.2 kwa hesi 32, karibu kabisa na namba 8 ya Kimarekani, na mara nyingine kweli inaingia. Milimita 5 ya leo ina hatua ya 0.8, karibu na hesi 32 tena, ila haitoshi. Kwenye hesi mbili, karibu inapita. Kwenye tano, inakula. Nimeona mitambo mingi iliyopita mikononi mwa watu wenye haraka kama yangu, na humo utakuta tundu la mwaka 1815 limetiwa milimita, juu yake limetiwa BA, na juu ya zote gundi.

Kazi iliyonipa furaha kuliko zote haikuwa bunduki. Ilikuwa mtambo peke yake, bila kasiba wala tako, umefungwa kwenye leso kuukuu. Aliuleta bibi mmoja wa asili ya Pemba anayeishi na wanawe hapa mjini. Alikuwa amesikia msikitini kwamba kuna kijana wa Mombasa anatengeneza vyuma vya zamani kwa Wazungu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauweka mezani bila kuufungua kwanza. Ulikuwa wa gobori la babu yake. Mbao ziliisha kwa mchwa, kasiba hakuna aliyejua ilipoishia, na mtambo ulikaa miaka mingi kabatini ukigandamiza karatasi za shamba la mikarafuu. Watoto walikuwa wakiuchezea kwa kuupandisha na kuualisha, mpaka siku moja parafujo ya springi ya kikwamizo ikapotea na mtambo ukanyamaza.

Magobori ya namna ile yalishuka pwani yetu kwa maelfu karne ya kumi na tisa. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujazia nyuma, zile za kujazia mdomoni ziliuzwa bei ya chini, zikafika Zanzibar na Bagamoyo na kupanda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu, mpaka mkataba wa Brussels wa 1890 ulipojaribu kuufunga mlango huo. Huu wa bibi ulikuwa na neno TOWER na taji, alama ya ghala la silaha la London. Lakini taji lilikuwa limechorwa vibaya, limekaa kama jogoo aliyelowa mvua. Mzee akacheka, akasema alama hiyo iliigwa sana, hata Liège kule Ubelgiji waliipiga kwenye mali ya kuuza Afrika. Hakutaka kuapa kuhusu huu.

Tukauliza tundu. Parafujo ya jirani yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 5.1 na hatua ya 0.92. Ukigawa kwa inchi unapata 27 na nusu na ushee, ambayo si mali ya mtu yeyote. Kulikuwa na tapu ya BSF ya hesi 28 kwenye sanduku, inang'aa, inaniita. Nikaifunika. Nilikaa na penseli jioni nzima kutafuta magurudumu, nikapata 45 kwa 65 na 25 kwa 60, yakipandana mawili mawili. Yanatoa 0.916. Kosa la sehemu nne za elfu moja ya milimita kwa kila hesi. Kwa hesi tano hata tundu lenyewe halitajua.

Nikatengeneza tapu, nikaizungusha kwa vidole tu, bila mpini. Tapu iliyo sahihi kwenye tundu kuukuu haikati kitu. Inatoka na uchafu mweusi, mafuta yaliyoganda na kutu, basi. Ikitoka na chenga zinazong'aa, isimamishe. Kisha nikakereza parafujo kwa magurudumu yaleyale, nikaiviringa kichwa kidogo kama zenzake, nikakata mfereji kwa msumeno wa sonara, nikaipasha mpaka ikawa buluu. Chini ya kichwa, mahali pasipoonekana, nikapiga nukta mbili na mwaka, fundi atakayefuata ajue kwamba hii si ya zamani.

Bibi alipokuja nilimpa mwenyewe aupandishe. Kidole gumba chake kilikuwa kinatetemeka kidogo. Nyundo ikapanda, ikaalika kata ya kwanza, ikaalika ya pili. Akakaa kimya. Akasema babu yake alikuwa akifanya hivyo barazani jioni, na wao watoto wakikimbilia uani wakipiga mayowe, ingawa kila mtu alijua haina kitu.

"Kiasi gani, mwanangu?"

Nikamtajia.

"Kwa kiparafujo kimoja?"

Nikamwonyesha tapu, nikamwonyesha magurudumu manne na ukurasa wa hesabu zilizofutwafutwa. Akavaa miwani, akazitazama hesabu zile kwa makini kama mtu anayekagua stakabadhi, akaivua. Akalipa nusu. Nusu ya pili ililetwa Ijumaa na mjukuu wake, kwenye hotipoti: sambusa ishirini na nne, na ujumbe kwamba hotipoti irudishwe.